Ungekuja Siku ya Tatu

Baba Neema,

Sitakuuliza kama u mzima, na sitakuambia kwamba huku hatujambo. Lako nalijua, na letu si kweli. Nakuandikia kukupa habari moja tu: wanataka kukushtaki. Ndiyo, wewe. Huu ni mwaka wa tatu tangu tukuzike kule Njoro kando ya mahindi ya baba yako, na kuna wakili hapa mjini ameandika kwamba usipolipa deni la kadi ya mkopo ndani ya siku kumi na nne, atakwenda kortini bila kukukumbusha tena. Amekuita Bwana. Mwishoni amesema yeye ni wako mwaminifu.

Hii ni mara ya tatu naianza barua hii. Nikikaa nasikia gari likipunguza mwendo nje, nasimama kuchungulia. Ni la jirani. Nakaa. Mbele yangu kuna sare za shule ambazo wazazi watazitaka Jumatatu, zote hazina kola, na mimi nashona kola moja, naacha cherehani, naenda kuangalia kama nimezima jiko ambalo hata sikuliwasha. Jana nilitia chumvi kwenye chai. Neema akipiga simu kutoka chuoni huniuliza, "Mum, umekula?" Namwambia nimekula, kisha nakaa na simu mkononi nikijiuliza kama nimekula.

Unakumbuka ulivyokuwa ukiandika sanduku la posta la shule ya msingi ya kwenu kwenye kila karatasi? Nilikuwa nakucheka. Mtu mzima, mwenye lori lake, ana nyumba Kiamunyi, barua zake zinapokelewa na mwalimu mkuu kama ripoti ya mtoto. Ukaniambia kwamba kijiji kizima kinatumia sanduku hilo na hakuna barua iliyowahi kupotea. Basi haikupotea. Mwalimu aliyekuwa akizigawa alistaafu, aliyemfuata akawa anazirundika juu ya kabati, na mwezi huu mwalimu mkuu mpya alipokuwa akisafisha ofisi akakuta zako zimefungwa kwa kamba. Ya juu kabisa ilikuwa na muhuri wa wakili. Akampa mdogo wako Wanjala kanisani. Siku tano kati ya zile kumi na nne zilikuwa zimeshaenda.

Wanjala alinijia kibandani mjini, barua ikiwa kwenye mfuko wa shati pamoja na risiti za viazi. Ndiye anayeendesha lori siku hizi, hilo unalijua kama huko mnajua mambo. Alinipa, akasogea nyuma hatua moja.

"Mulamwa, usishtuke," akasema, akiniita shemeji kwa lugha yenu. "Hii kitu iliisha kitambo."

Nilisoma. Nikarudia kusoma. Nikamuuliza, kadi gani? Akakuna kichwa. Ndipo nikasikia, kutoka kwa mdomo wa mdogo wako, miaka yote hii baadaye, kwamba siku moja kule Salgaa kulikuwa na hema kwenye kituo cha mafuta, na vijana wa benki waliovaa fulana wakiandikisha wenye malori, na wewe ukajiandikisha. Ukapewa kadi. Ukanunua tairi, ukatengeneza giaboksi, ukawa unalipa kidogo kidogo mpaka ulipougua. Ulipofariki zilikuwa zimebaki laki mbili na elfu kumi na kitu. Barua inasema sasa ni karibu laki tano.

"Na wewe ulijua?" nikamuuliza.

"Nilijua. Lakini si siku ya tatu hakuna mtu wa benki alikuja?"

Nilitaka kumpiga kwa rula ya kushonea. Aliyasema kwa moyo mweupe kabisa, hata hasira ikakosa pa kutua.

Mimi ni mtu wa Molo, siku ya tatu niliiona kwa mara ya kwanza kwenu. Kwetu tukizika tunakula, tunaomba, tunaenda nyumbani. Kwenu watu walirudi siku ya tatu baada ya mazishi, wakakaa kwenye nyasi, wakanyolewa, halafu Mzee Khaemba akasimama akauliza: nani anamdai marehemu, na nani anadaiwa naye? Nilishangaa kuona watu wanainuka. Fundi wa springi akasema anakudai, akataja na shahidi. Mama wa chapati wa Salgaa alikuwa amesafiri kuja kusema ulikula ukaahidi kulipa ukirudi, kisha akasema amesamehe. Mtu mmoja akasimama akakiri ana jeki yako. Nilikuwa nimekaa pale na kichwa kilichonyolewa, kila mmoja alipolitaja jina lako nikahisi kama unajibu. Mwishoni Mzee akasema anayenyamaza leo amenyamaza moja kwa moja, na mambo yako yakafungwa. Wanjala aliamini. Mimi pia niliamini, sikatai.

Lakini benki haikai kwenye nyasi.

Usiku silali vizuri, na si kwa sababu ya pesa peke yake. Wewe unajua ni kwa sababu gani. Nilikuhadithia tulipokuwa bado tunachumbiana, umepaki lori kando ya shamba la mama ukisubiri viazi vipakiwe. Nilikuambia jinsi ushirika ulivyompa mama mkopo wa mbegu, baridi ikaua viazi, na dalali akaja asubuhi na watu wanne wakafungua boma. Mama alikuwa amemkamua ng'ombe mmoja tu, ndoo bado iko mkononi. Waliwatoa wote, hata aliyekuwa na ndama tumboni. Mama hakulia. Alisimama na ile ndoo mpaka maziwa yakapoa, na tangu siku ile neno mkopo likitajwa mimi huinuka nikatoka nje. Nilikuambia sitaolewa na mtu mwenye mkopo. Ulicheka, ukasema wewe una mizigo tu.

Na sasa kitu pekee ulichotuachia chenye thamani ni lile lori. Ndilo linalomlipia Neema karo. Ndilo linalomlisha Wanjala na watoto wake, na dawa za presha za mama yako zinatoka humo humo. Sare za shule zinanilipia kodi ya kibanda na unga. Hati yake ya umiliki, logbook, bado ina jina lako, kwa sababu sikuwahi kwenda kulibadilisha. Cheti cha kifo kiko ndani ya sanduku chini ya kitanda na sijakipeleka ofisi yoyote. Kila nilipokichukua nilifika mlangoni nikarudi. Kuandika marehemu mbele ya jina lako kwa mkono wangu mwenyewe, mbele ya karani anayetafuna karanga, sikuweza. Sasa nasikia kila gari kubwa likipanda barabara hii ni la dalali.

Kesho tunaenda kwa wakili, mimi na Wanjala. Nitaendelea nikirudi, kama nitarudi na akili zangu.

*

Leo ni Jumatano ya wiki iliyofuata. Mengi yametokea, acha niyaseme kwa mpangilio kabla sijainuka tena.

Ofisi ile iko ghorofani, juu ya duka la magodoro. Wakili mwenyewe hatukumwona. Tuliketishwa mbele ya msichana anayeitwa Chepkoech, nadhifu, sauti ya chini, anayeshughulikia wadaiwa. Alifungua kompyuta, akatuangalia mmoja mmoja.

"Nani hapa ni Simiyu?"

"Alifariki," nikasema.

Hakupepesa macho. "Pole. Lakini madam, wacha nikuambie ukweli. Watu wengi tunawapigia ni marehemu. Wengine anashika simu mwenyewe ananiambia alizikwa juzi."

Nilitoa cheti kwenye mkoba nikakiweka mezani. Hapo ndipo uso wake ulibadilika kidogo. Akasoma tarehe yake, akarudi kwenye kompyuta, akasoma na pale.

"Hii namba yake ya simu nani huwa nayo?"

Wanjala akainua mkono polepole. Nilikuwa nimesahau kwamba laini yako ya kazi ilibaki ndani ya lori, kwa sababu wateja wa viazi wanaijua.

"Kumbe ni wewe," Chepkoech akasema. "Nimekupigia miaka mbili. Kila saa unaniambia alikufa, ungekuja siku ya tatu, halafu unakata. Nilidhani ni matusi."

"Si matusi, madam," Wanjala akasema. "Kwetu mwenye kudai ndiye huja. Mwenye msiba haendi akitafuta wenye madeni."

"Na benki haiendangi matanga."

Wote wawili walitazamana, kila mmoja akiona mwenzake hana adabu. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa meza. Nikamwomba atueleze tu wanataka kufanya nini. Akasema hawawezi kumshtaki mtu aliyekufa, sasa cheti wamekiona, lakini watashtaki mali aliyoacha. Akauliza kama kuna lori. Nikasema lipo. Akaandika.

Halafu akasema neno ambalo bado linanizunguka kichwani hata sasa hivi. Akasema kadi ile ilikuwa na bima ya kifo. Tungeleta cheti ndani ya miezi sita, bima ingelipa deni lote, na tusingedaiwa hata shilingi. Miezi sita, Baba Neema. Cheti kilikuwa chini ya kitanda. Nilimtazama Wanjala, Wanjala akatazama dari. Sikujua nimkasirikie nani, wewe uliyenyamaza, yeye aliyekata simu, au Mzee Khaemba aliyefunga mambo yako kwa mdomo mbele ya watu mia.

Chepkoech alisema kuna kitu kimoja. Muda wa bima umeisha, lakini akithibitisha kifo mwenyewe, aone kaburi, aone lori, apate barua ya chifu, anaweza kumwomba wakili asipeleke kesi kwanza ili tuongee juu ya riba. Ilikuwa Alhamisi. Siku za barua zilikuwa zinaisha Jumanne.

"Basi kuja Jumamosi," Wanjala akasema. "Na tutaita Mzee Khaemba."

Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Sikutaka kikao kingine. Nilikuwa nimeshakuzika mara moja, na ile mara moja ilitosha. Tukishuka ngazi nilimwambia amechizi. Akaniambia, "Mulamwa, hawa watu hawakuwahi kupewa nafasi ya kusema. Wacha waseme." Nilienda nikamnunulia yeye soda na mimi nikanunua dawa ya kichwa.

Ijumaa nzima sikushona kitu. Nilifua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Nilikukumbuka safari ile ya kwanza uliyonichukua kwenye lori, kurudi kutoka Eldoret, ukungu umetanda tunashuka ule mteremko wa Sachangwan. Ulizima redio. Nikakuuliza kwa nini, wimbo ulikuwa mtamu. Ukasema, "Hapa mtu anasikiliza breki." Hatukusemezana mpaka tukafika chini, kisha ukaiwasha tena ukaimba kwa sauti mbaya kuliko zote. Nilikupenda sana siku ile. Nilijiambia huyu ni mtu anayejua pa kunyamaza, na nikaona ni sifa nzuri. Sasa siko na hakika.

Jumamosi mvua ilikuwa imenyesha. Chepkoech alikuja na viatu vya ofisi vikazama matopeni kabla hajafika kwenye lango, mama yako akampa gambuti za shamba. Akapewa chai na viazi. Akaoneshwa kaburi, akapiga picha, akaomba samahani kwa kupiga picha. Nadhani alidhani ni hayo tu. Lakini watu walikuwa wameshaanza kufika, majirani, watu wa kanisa, fundi wa springi yuleyule, na Mzee Khaemba na kofia yake. Viti vikawekwa kwa wazee. Sisi wengine tukatandika magunia kwenye nyasi. Chepkoech aliangalia huku na huku, akakaa kwenye gunia karibu nami, gambuti zake mbele.

Mzee akauliza lilelile swali lake. Nani anamdai marehemu?

Msichana alinitazama. Nikamwambia kwa sauti ndogo, simama useme. Akasimama, na faili kifuani.

"Mimi nimetoka kwa wakili. Natumwa na benki."

"Ulimjua Simiyu?"

"Hapana, mzee. Nilimpigia tu simu."

"Ukaambiwa amekufa?"

"Niliambiwa."

"Ukaja kumwambia mama yake pole?"

Nilimwonea huruma, kwa kweli, maana ni mtoto wa watu na mshahara wake nadhani haufiki wa Wanjala. Aliweka faili chini. Akaenda mpaka kwa mama yako, akainama, akamshika mikono yote miwili, akasema pole kwa msiba. Mama yako akaanza kulia upya kama siku ile, na akamshika msichana hakumwachilia haraka. Hata mimi macho yalinijaa.

Mzee akamrudisha pale katikati. Akamuuliza shahidi ni nani. Msichana akainua faili. Mzee akasema karatasi ameziona, anauliza mtu. Wanjala akajikohoza, akasimama. "Mimi nilikuwa hapo Salgaa akisaini. Ni kweli anadaiwa." Mdogo wako, shahidi wa benki. Watu wakaguna.

"Siku aliyolala hapo, deni lilikuwa ngapi?"

Chepkoech akataja ile laki mbili na elfu kumi na nane.

"Na sasa?"

Akataja.

"Hiyo ya juu nani ameikula?"

"Hakuna, mzee. Ni riba na faini."

"Binti, sisi hatukatai deni," Mzee akasema. "Mtu wetu alikopa, sisi tutalipa. Lakini kwetu mtu akizikwa, deni linasimama pale lilipomkuta. Huwezi kumtoza faini mtu ambaye hawezi kuamka akulipe. Enda umwambie aliyekutuma."

Alienda kando ya mahindi na simu yake. Tulimwona akizunguka, akieleza, akionyesha kwa mkono kana kwamba wakili anamwona. Aliporudi alisema wakili hawezi kuahidi, ila tuandike pendekezo, Jumatatu asubuhi liwe mezani kwake, na kabla ya hapo hatapeleka kesi. Fundi wa springi akatoa kalamu. Tuliandika palepale juu ya mgongo wa faili lake: tutalipa kile kilichokuwepo siku uliyofariki, kidogo kila mwezi kutoka kwa kazi ya lori, na riba yote ya baada ya hapo iondolewe, kwa kuwa cheti kipo na bima ilikuwepo na waliopiga simu waliambiwa ukweli. Hilo la simu ni Chepkoech mwenyewe aliliongeza. Alisema limo kwenye kumbukumbu zao kwamba waliambiwa amekufa na hakuna aliyefuatilia.

Jana jibu limekuja. Wamekubali. Tumepewa mwaka na nusu. Nimeweka sahihi mimi, kama mjane wako na msimamizi wa mali yako, na sasa karatasi za mirathi zimeanza, na logbook itabadilishwa jina. Niliandika marehemu mara nne siku hiyo. Karani hakuwa anatafuna karanga. Lori halitachukuliwa. Wanjala alinunua nyama kilo mbili, akapiga honi kutoka barabarani mpaka mlangoni kama wewe, na nikamkemea kwa sababu ya majirani.

Ungedhani basi nimetulia. Hata mimi nilidhani. Lakini leo asubuhi nimeinuka kwenye cherehani mara sita, na hakuna gari lililopita. Kwa hiyo acha nikuambie nililolifanya Jumamosi, kabla watu hawajaondoka, maana ndilo limenikalisha hapa.

Mzee Khaemba alikuwa amemaliza na benki. Akauliza, kama inavyopasa, kama kuna mwingine anayemdai Simiyu, aseme, tufunge. Watu walikuwa wameshaanza kukung'uta magunia. Nikasikia mtu anasimama, na ni mimi.

"Mimi namdai," nikasema.

Wanjala aliniambia chini kwa chini niketi. Mzee akamnyooshea kidole anyamaze. Akaniuliza nakudai nini.

Nikawaambia habari ya tairi. Unaikumbuka jioni ile. Ulikuja na mguu wa mbuzi kutoka Salgaa, ukanivuta nje nikaone lori lina tairi sita mpya, bado zina vile vinywele vya mpira. Uliita na majirani. Mimi nilifurahi kama mtoto, kisha nikakuuliza pesa umetoa wapi. Ulinishika bega, ukasema, "Mambo yamejipa tu, Mama Neema." Na mimi nikaenda kanisani Jumapili ile nikatoa ushuhuda. Nilisimama mbele ya watu nikamshukuru Mungu kwa tairi za benki. Mambo yamejipa tu. Nililala vizuri miaka ile yote kwa sababu ya hayo maneno matatu, na ulikuwa unalipa peke yako, na ukaugua ukiwa unalipa, na kitandani pale hospitali, nilipokuuliza kama kuna kitu unataka kuniambia, ulisema nikupindulie mto.

Nilisema yote hayo nimesimama kwenye magunia.

"Shahidi wako ni nani?" Mzee akauliza.

"Huyo huyo," nikasema, nikamwonyesha Wanjala.

Alisimama mara ya pili. Hakunitazama. "Ni kweli. Aliniambia nisimwambie. Alisema Mama Neema akisikia neno mkopo ataona tu ng'ombe za mama yake, hatalala tena. Alisema akimaliza kulipa atamwambia mwenyewe, wacheke."

Hilo sikuwa nalijua. Kwamba ulikuwa na mpango wa kuniambia, na kwamba ulikuwa umeshakipanga hata kicheko chake. Niliketi, na Chepkoech akanishika mkono, msichana wa benki, baridi ya vidole vyake naikumbuka.

Mzee akasema, "Deni hilo tumelisikia, na shahidi tumemsikia. Ulipwe nini, mama? Au unasamehe, tufunge, kijana wetu apumzike?"

Watu wote walikuwa wananitazama. Mama wa chapati alisamehe mbele ya wote, na mimi nilijua wanangoja nami niseme vivyo hivyo, ili tusali tukanywe chai. Nilitaka kusema. Kweli nilitaka. Sikuwa na hasira tena, ilikuwa imeishia kwa Wanjala. Lakini niliona kwamba nikilisema lile neno, Mzee atafunga, watu watainuka, na baada ya hapo mimi na wewe hatutakuwa na neno lolote lililobaki kati yetu. Lori litapata jina jipya. Simu yako inapokea viazi. Benki itapewa tarehe yake. Hiki tu ndicho bado ni changu na chako.

Nikamwambia Mzee asifunge.

Akavua kofia, akawaambia watu twende tukanywe chai.

Mkeo anayekudai,
Mama Neema